Vifungo Kwenye Kopo la Chai

Mtu akitaka kusifiwa, asije kushona nguo nyumbani kwetu. Shangazi yangu, dada yake baba, ndiye mwenye cherehani, na mdomo wake unajulikana mtaa mzima. Wamembandika jina la Bi Mkasi, na yeye analiitikia bila kinyongo. Mteja akijigeuza mbele ya kioo na kuuliza, "Limenikaa?", Shangazi hamjibu haraka. Anamwangalia toka begani hadi kwenye pindo, halafu anasema, "Gauni halina tatizo. Wewe simama wima." Na nguo ikiwa nzuri kupita zote, sifa yake kubwa kabisa ni hii: "Unaweza kwenda nayo." Watu wanaondoka wamenuna, kisha wanarudi na kitambaa kingine.

Mimi ni mkataji wake. Nakata, yeye anashona, na mama yangu, ambaye ni wifi yake, anatia pasi na kutuchekesha. Baba ni dereva wa lori la masafa, kwa hiyo nyumba ni yetu sisi wanawake watatu. Chumba cha mbele ndicho karakana, na meza yangu ya kukatia ndiyo meza ya kila kitu kingine.

Ng'ambo ya barabara, mkabala na mlango wetu, kuna kibanda cha Fundi Saa. Ni mzee mpole, mjane, anayekaa siku nzima na kioo chake kidogo kimembana jichoni, akizungumza na saa za watu kwa sauti ya chini kama anazibembeleza. Shati lake la kijivu halina kifungo kwenye mkono wa kulia. Ameubana kwa pini. Kila nilipoiona ile pini ilinikera, maana huyu mtu anafanya kazi mita chache kutoka kwenye cherehani na hajawahi kuvuka barabara kuomba kifungo.

Siku alipovuka, hakuleta shati. Alileta kopo.

"Shikamoo Fundi," nilimwamkia.

"Marahaba, binti. Fundi mwenzangu yupo?"

Shangazi alikuwepo, mguu kwenye pedali, miwani puani. Fundi Saa akajieleza akiwa amesimama. Daktari amemkataza sukari. Chai bila sukari imemshinda, inamkumbusha dawa. Kwa hiyo ameanza kukausha matunda kwenye trei juu ya paa la kibanda, anayakatakata na kuyachanganya na majani ya chai. Utamu unatoka kwenye tunda. Hili lilikuwa la chungwa.

"Kila ninayemwonjesha anasema safi," alisema. "Nadhani wananionea huruma. Wewe humvishi mtu kilemba cha ukoka. Onja, unipe alama. Kumi ndiyo mwisho."

"Nikuandikie wapi, mikono yote imejaa uzi?" Shangazi aliangalia huku na huku, jicho likatua kwenye bakuli la vifungo vilivyobaki kwenye kazi, kila rangi na kila saizi. "Kopo lako litarudi na vifungo. Utahesabu mwenyewe."

Alasiri, kazi ilipopoa, nilisukuma mabaki ya vitambaa pembeni na Mama akaleta birika. Shangazi alitaka tutumie vikombe vya kioo, tuone rangi. Tulinusa kwanza majani makavu: vipande vya ganda la chungwa vilivyojikunja, vyekundu pembeni, katikati ya majani meusi. Maji yakamwagwa, sahani ikafunika, tukangoja. Kusubiri si fani yangu, lakini ile harufu iliyokuwa inapenya chini ya sahani ilinifunga mdomo. Rangi ilitoka kama asali. Nilipokunywa, ukali wa chai ulikuja mbele, kisha chungwa likafuata taratibu na kukaa kooni.

"Wifi," Mama alisema, "hii hata mgonjwa anainuka kitandani."

Shangazi alinusa kikombe chake. Alimaliza kikombe, akajaza kingine, akainamisha birika mpaka tone la mwisho. Kisha akachagua vifungo kwenye bakuli na kuvitupia ndani ya kopo. Kimoja, cha pili, cha tatu. Akafunga.

"Tatu?" niliruka. "Shangazi, umekamua mpaka chujio!"

"Nilikuwa naangalia kama limetoboka."

"Hiyo ni nane! Ni tisa!"

"Uliombwa wewe? Peleka kopo la watu."

Nikapeleka, nimevimba. Fundi Saa alivimwaga vile vifungo kwenye kitambaa chake, katikati ya skrubu na magurudumu ya saa, akavitazama kwa kile kioo cha jicho moja. "Tatu," alisema. Hakukasirika hata kidogo. "Ni haki. Nadhani nililikausha sana. Mwambie namshukuru kwa ukweli wake."

Wiki iliyofuata akaleta embe. Chai laini, nzito kidogo, unakunywa na kufumba macho bila kupenda. Vifungo vinne. Nanasi lilikuja na uchachu uliochangamsha ulimi. Vinne. Pasheni ilikuwa na harufu iliyojaa hadi chumba cha ndani, na mteja aliyekuja kupimwa suruali akagoma kuondoka mpaka apewe kikombe. Vitatu. Nilikwisha kuzoea kumwona Shangazi akiwa mgumu kwa wateja, lakini huu ulikuwa ni mkono wa birika wa aina nyingine. Nilipopiga kelele aliniambia, "Ana cha kujifunza," akaendelea kushona.

Mama hakupiga kelele. Mama aliangalia. Aligundua kwamba siku ya kopo Shangazi anafunga kile kitambaa chake kizuri cha kichwa. Aligundua pia kwamba cherehani limehama dirishani penye mwanga, limekaa sasa mkabala na mlango.

"Wifi, huku hakuna mwanga," alimwambia.

"Dirishani kuna upepo."

"Upepo," Mama alirudia, akatia pasi huku mabega yanamtikisika kwa kicheko. Mimi sikuelewa. Mimi ni mwepesi wa hasira, si wa kuelewa.

Kisha ikaja ndizi.

Siku hiyo mvua ilikuwa inamwagika, na Fundi Saa alikuwa na mafua yaliyomla sauti yote. Alivuka barabara hivyo hivyo, kopo amelificha ndani ya koti, maji yanamchuruzika puani na kofiani kwa pamoja. Alikohoa, akaliweka mezani, akaondoka. Shangazi alisimama mlangoni akimwangalia mpaka akaingia kibandani kwake.

Sitaki kumsema mtu vibaya, lakini ile chai ilikuwa msiba. Ilinuka uji ulioungua ukasahauliwa. Rangi yake ilikuwa ya maji ya kuoshea sufuria, na vipande vya ndizi vilivimba vikaelea juu. Mama alionja kwa ncha ya ulimi na kukumbuka kwamba ana nguo za kuanua, kwenye mvua ile. Mimi nilimwagia yangu ua la kwenye chungu, na ua lile halijanisamehe mpaka leo. Shangazi aliinywa yote. Alikunja uso kama anameza kidonge, lakini aliinywa. Kisha akatia vifungo kwenye kopo, na nilipovisikia vikiendelea kugonga nilidhani amepoteza hesabu.

"Sita?" nilimuuliza. "Sita, kwa uji huu?"

"Mtu ana mafua. Amevuka mvua."

"Mafua hayana alama, Shangazi!"

"Peleka. Na ole wako umwambie neno."

Fundi Saa alipohesabu sita alisimama wima, kiti kikaanguka nyuma yake. "Ndizi!" alisema kwa ile sauti iliyokwama. "Kumbe siri ilikuwa ndizi!"

Sasa fikiria mtu ambaye maisha yake yote amefuata mshale wa saa. Ukimpa namba, anaifuata. Wiki iliyofuata alileta ndizi na nanasi. Baada ya hapo ndizi na pasheni, mauaji ya wazi ya pasheni. Akaleta ndizi na embe, na alipoona alama zinashuka, akadhani ndizi haijatosha, akaongeza. Mama alianza kuwa na safari kila siku ya kopo. Shangazi alikunywa, akapauka, akatia vifungo vitatu, akatia viwili, na kila nikimwambia amwambie mzee wa watu ukweli, alisema, "Wiki ijayo."

Mara ya mwisho nilipopeleka kopo, Fundi Saa hakulimwaga. Alichungulia tu ndani, akalitikisa kidogo.

"Binti," aliniuliza, "hebu niambie wewe. Ni mikono yangu?"

Maneno yalinijaa mdomoni mpaka meno yakauma. Lakini nilikuwa nimekatazwa, na kwetu Shangazi akikukataza umekatazwa. "Mimi nakata vitambaa tu, Baba," nilimjibu, nikarudi nyumbani na kukata mkono wa koti la mtu kinyume.

Siku ya kopo iliyofuata alikuja, lakini hakuingia. Alisimama kizingitini, akaliweka kopo chini kwa adabu.

"Fundi mwenzangu, nimekurudishia mali yako. Vimo vyote. Nakushukuru, wewe peke yako ndiye uliyeniambia ukweli. Nimekubali kwamba kipaji sina. Zile trei nitampa muuza mboga akaushie pilipili. Sitakusumbua tena."

Akavuka barabara. Nililifungua kopo. Vilikuwa vifungo vyetu, vya wiki zote, na alikuwa amevisafisha kimoja kimoja kama anavyosafisha saa. Vilikuwa vinang'aa.

Cherehani liliendelea kukimbia. Nilipogeuka, mguu wa Shangazi ulikuwa unakanyaga pedali na chini ya sindano hapakuwa na kitambaa. Mama akaja akaushika mguu ule kwa mkono, ukatulia.

"Nimeharibu," Shangazi alisema.

"Lile la chungwa," Mama alimuuliza polepole, "lilikuwa na ngapi?"

"Kumi, wifi. Toka siku ya kwanza. Na embe, na pasheni. Sasa ningempa kumi, wiki ya pili angeleta nini? Angesema asante, akaenda zake, ikawa basi." Alivua miwani. "Watu wote wanaoingia mlango ule wananiletea pindo lililofumuka. Yeye alikuwa ananiletea kitu ili nifurahi. Nikilifunga kopo naanza kumngoja mpaka lirudi. Nampenda yule mzee. Haya, nimesema."

Ningekuwa mtu mwema, ningemkumbatia. Lakini damu ilikwisha kunipanda. "Mtaa mzima unakuogopa kwa ukweli wako," nilimwambia, "na mtu mmoja uliyempenda ndiye uliyeamua kumdanganya! Mzee wa watu anajiona hana mikono! Mimi nakwenda kumwambia."

Nilikuwa nimeshavaa ndala. "Kaa chini," Shangazi alisema. Hakukuwa na ukali. "Uongo ni wangu. Miguu ninayo."

Alivuta droo ya cherehani, ile ya bobini za uzi, ambayo sisi wengine haturuhusiwi kuigusa. Ndani, badala ya bobini, kulikuwa na vifuko vidogo vilivyoshonwa kwa mabaki: kipande cha sare ya shule, kipande cha pazia, kipande cha gauni la harusi la binti wa kinyozi. Kila kopo lilipokuja, alikuwa ameiba kiganja kimoja kabla ya kutuonjesha. Kimoja kilikuwa cha chungwa, kingine cha embe, hivyo hivyo vyote.

"Hata ndizi?" niliuliza.

"Hata ndizi," alisema, akaona haya.

Basi akapiga moyo konde, akavuka barabara. Katika miaka yote niliyoishi pale sijawahi kumwona akivuka. Ni watu ndio humvukia. Kinyozi alisimamisha wembe shavuni mwa mteja ili atazame. Mama na mimi tulisogea mpaka ukingoni mwa lami, tukajifanya tunaangalia hali ya hewa.

"Fundi," tulimsikia, "kesho alasiri njoo nyumbani uonje chai."

"Chai ya nani?"

"Yako."

"Hiyo umeshaipima."

"Nimeipima vibaya. Kipimo changu kina kasoro."

Kwa fundi wa saa hiyo ni lugha anayoielewa. Aliondoa kile kioo jichoni. "Kasoro gani?"

"Njoo, utaiona. Na trei usimpe mtu."

Fundi Saa alikirudisha kioo jichoni, akainamia saa yake. Siku ya pili Shangazi alikata uzi mara nyingi kuliko alivyoshona, akamwambia mteja mmoja kwamba suruali yake ni nzuri huku akiwa ameshika blauzi. Alasiri ikafika, birika likachemka, likapoa, Mama akalirudisha jikoni. Nilianza kumsema Fundi Saa kwa sauti, kwamba anarekebisha saa za dunia nzima na yake imemshinda, ndipo akatokea mlangoni, shati la kijivu limepigwa pasi, pini ipo palepale.

"Nilikuwa nimeshafika mara mbili," alisema, "nikarudi."

Tulimkalisha kwenye meza ya kukatia. Shangazi alifungua kifuko cha chungwa, akamnusisha, akamwaga maji, akafunika. Tulingoja wote, na safari hii hata mimi sikuchoka kungoja. Alimmiminia kwanza Fundi Saa, naye akanywa. Shangazi akanywa. Kisha akalivuta kopo, akatia kifungo. Cha pili. Cha tatu. Mkono ukasimama hewani, akamtazama usoni, halafu akaendelea: cha nne, cha tano, mpaka cha kumi kikaingia, kikubwa, chekundu, kilichobaki kwenye koti la mvua la mtoto.

Fundi Saa aliweka kikombe chini. "Ulinipa tatu."

"Nilikudanganya."

Uso ulimshuka. Nilidhani atainuka, na nadhani na yeye alidhani hivyo, maana alishika ukingo wa meza. "Nilikuwa nakuamini wewe peke yako," alisema. "Wengine wote nilijua wananidanganya."

"Najua. Nisikilize." Shangazi aliificha mikono mapajani, na sijawahi kuiona mikono ile ikikosa kazi. "Wewe mwenyewe ulisema kumi ndiyo mwisho. Nikikupa mwisho, utarudi hapa kufanya nini? Nilitaka urudi. Sikujua njia nyingine ya kukurudisha. Ni hivyo tu, na ni aibu, na nimekosa."

Mama alianza kufuta meza iliyokuwa safi. Fundi Saa si mtu wa haraka; ukimpa jambo, anaanza kulifungua nyuma. Alilifungua, akaliangalia.

"Na ndizi?" aliuliza mwishowe.

"Ndizi ni mbaya," Shangazi alisema. "Katika maisha yangu sijawahi kumeza kitu kibaya kama kile. Lakini ulikuwa na mafua."

Alianza Fundi Saa. Kilianza kama kikohozi, nikadhani mafua yamerudi, kumbe ni kicheko, kikamtikisa mpaka kikombe kikagonga sahani. "Mimi nilikuwa nainywa kila asubuhi!" alisema. "Nilikuwa nafunga pumzi! Nikasema, Bi Mkasi amesema sita, ulimi wangu ndio mbovu!" Hapo Mama akavunjika mbavu, akaangukia kwenye rundo la nguo za watu, na Shangazi akacheka mpaka machozi yakamtoka, mengine ya kicheko na mengine najua hayakuwa ya kicheko.

Alipopata pumzi, Fundi Saa alilivuta kopo upande wake, akaingiza vidole, akatoa kile kifungo chekundu.

"Basi ni tisa," alisema.

"Ni kumi! Leo nimesema kweli."

"Najua. Lakini kumi ndiyo mwisho." Alikuwa anakitazama kifungo, si Shangazi. "Mimi nina mapera sijayakausha bado. Nina tufaha. Nipe tisa."

Shangazi alikitazama kile kifungo. Kisha akanyoosha mkono, akakichukua kifungo kwenye vidole vyake, akamshika mkono wa kulia na kuulaza mezani. Alitoa ile pini, akaichomeka kwenye mto wake wa sindano. Akatia uzi kwenye sindano mara moja tu, bila miwani.

"Usitikisike," alimwambia.

Kifungo kilikuwa kikubwa kuliko tundu lake, tena chekundu kwenye shati la kijivu, kitu ambacho kama mteja angekiomba, Shangazi angemfukuza. Mimi nilikuwa nalo la kusema. Mama akanikanyaga mguu chini ya meza, nikajimiminia chungwa lililobaki. Shangazi alishona polepole, akazungusha uzi, akainama kuukata kwa meno karibu kabisa na mkono wa yule mzee. Akakisukuma kile kifungo mpaka kikapita kwenye tundu. Akarudi nyuma, akamwangalia toka begani hadi kwenye pindo.

"Limekukaa," alisema, na hakuna aliyekuwa amemuuliza.